Wikendi ya wawili baharini Izu: mwongozo kwa wanaoishi Tokyo

Kila joto linapoanza, maswali ni yaleyale. Twende bahari gani tukarudi kabla ya kazi ya Jumatatu? Ryokan, yaani nyumba ya wageni ya jadi ya Kijapani, watatupokea bila cheti cha ndoa? Chakula chao kina nguruwe? Na hilo la kuoga uchi mbele ya watu, katika mabwawa yao ya maji moto ya chemchemi, tufanyeje? Mwongozo huu unajibu kwa safari moja mahsusi: Jumamosi na Jumapili mjini Ito, upande wa mashariki wa rasi ya Izu.

Tumechagua Ito kwa sababu ya muda. Atami iko karibu zaidi, lakini Jumamosi hujaa na bei hupanda. Shimoda ina ufuo wa Shirahama wenye mchanga mweupe unaokumbusha kwetu, ila treni huchukua kama saa mbili na dakika 40 kwenda, na muda uleule kurudi. Kwa usiku mmoja hiyo ni hasara. Ito ni kama saa moja na dakika 45 kutoka kituo cha Tokyo, bila kubadilisha treni.

Shikeni jambo moja kabla ya yote: safari hii hupangwa kwa kuanzia saa ya chakula cha jioni cha ryokan na kurudi nyuma. Ryokan haiendeshwi kama hoteli ya kawaida ambamo unaingia saa yoyote na kula utakapo. Jikoni hupika kwa ajili yenu wawili, kwa saa mliyokubaliana. Mkiichelewa saa hiyo, mmekosa nusu ya mlicholipia.

Vya kuwa navyo

- Kadi ya ukaazi ya kila mmoja. Sheria inamtaka mgeni mkaazi aliyetimiza miaka 16 kutembea nayo daima. Wenye anwani ya Japani huandika anwani hiyo mapokezi. Kudaiwa pasipoti ni kwa wageni wasio na anwani nchini.
- Kadi za nauli, Suica au PASMO, mbili, kila moja na salio la yen 5,000 hivi. Kadi moja haiwapitishi watu wawili getini.
- Fedha taslimu yen 20,000. Vibanda vya samaki na baadhi ya mabasi bado havipendi kadi.
- Jina lenu kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni. Fomu za kuweka nafasi hulidai, na hapo ndipo wengi hukwama. Salma Juma huandikwa サルマ katika sehemu ya jina (mei) na ジュマ katika sehemu ya ukoo (sei). Andikeni vilevile kila mahali.
- Kofia ya kuogea au kamba ya kufungia nywele kwa aliyesuka. Nywele haziruhusiwi kugusa maji ya bwawa.
- Kwa bahari: ndala, taulo kubwa na nguo ya kuogelea. Nguo ya mikono mirefu haimshangazi mtu, kwani Wajapani wenyewe hujifunika jua.

Makadirio ya wawili kutoka Tokyo: treni ya haraka kwenda na kurudi, karibu yen 16,000, ryokan ya wastani Jumamosi pamoja na milo miwili, yen 30,000 hadi 50,000, chakula cha mchana siku mbili, yen 6,000, usafiri wa ndani na mengineyo, yen 5,000. Mkipanda treni za kawaida na kulala bila milo, jumla inaweza kushuka hadi karibu nusu. Japan Rail Pass isahauni: ni ya watalii wa muda mfupi, mwenye kadi ya ukaazi haipati.

Hatua ya 1: Chagueni tarehe

Epukeni wiki ya sikukuu ya mwishoni mwa Aprili hadi Mei 5, siku za Obon (sikukuu ya kuwakumbuka wafu) katikati ya Agosti, mwisho wa mwaka, na kila wikendi ambayo Jumatatu yake ni sikukuu. Februari hadi mwanzoni mwa Machi, treni za njia hii hujaa watu wanaokwenda kuona maua ya sakura ya mapema huko Kawazu.

Kama mnataka kuogelea, msimu ni Julai na Agosti tu. Nje ya hapo fuo hazina waokoaji. Baada ya Obon konyeza huongezeka, kwa hiyo wiki mbili za mwisho za Julai ndizo bora. Wasiojali kuogelea waende Oktoba au Novemba: hewa safi, bei nafuu, na maji ya moto yana utamu zaidi.

Nyote wawili mkipata ruhusa ya Jumatatu, laleni Jumapili badala ya Jumamosi. Chumba kilekile hushuka bei sana.

Hatua ya 2: Wekeni nafasi ya ryokan, wiki nne hadi nane kabla

Tumieni tovuti ya Rakuten Travel au Jalan. Ingizeni 伊東, yaani Ito, watu wazima wawili, usiku mmoja. Kisha someni mambo manne kabla ya kubonyeza:

*Bei ni ya nani?* Ryokan nyingi huonyesha bei ya mtu mmoja. Tafuteni 合計, ambayo ni jumla. Mkiona 1名, zidisheni kwa mbili. Kosa hili ndilo linalogombanisha watu mapokezi.

*Milo.* 1泊2食 ni usiku mmoja na milo miwili, jioni na asubuhi. 素泊まり ni kulala tu.

*Choo.* Nyumba za zamani zina vyumba visivyo na choo. トイレ付 maana yake choo kimo ndani.

*Bafu la faragha.* Mabwawa ya pamoja yametengwa, wanaume kwao na wanawake kwao. Kwa hiyo wawili mnaotaka kukaa majini pamoja lazima mtafute 貸切風呂, bwawa linalokodishwa kwa dakika 45 au 50, ama 露天風呂付客室, chumba chenye bwawa lake nje. La kwanza mara nyingi ni yen 2,000 hadi 4,000, pengine bure. La pili hupandisha bei ya chumba sana. Kwa anayevaa hijabu, mwenye tatuu, au aliyepaka hina na piko majuzi, bwawa la kukodi ndilo jibu. Piko iliyokolea mkononi hudhaniwa tatuu, na nyumba nyingi hukataza tatuu katika mabwawa ya pamoja.

Kuhusu ndoa: hakuna anayeuliza cheti. Andikeni majina mawili, basi.

Hatua ya 3: Malizeni suala la chakula siku hiyohiyo

Msingoje kufika. Ryokan hununua vitu siku kadhaa kabla. Kwenye sehemu ya maombi (要望) andikeni:

豚肉とお酒は食べられません。みりんと料理酒も使えません。魚は大丈夫です。

Maana yake: hatuli nguruwe wala pombe, mirin (pombe tamu ya kupikia) na sake (pombe ya mchele) ya kupikia pia hapana, samaki sawa. Kuitaja mirin ni lazima. Ukisema "pombe" tu, mpishi anafikiria glasi, hafikirii sufuria. Samaki maarufu wa huku, kinmedai mwekundu mwenye macho makubwa, kwa kawaida huchemshwa kwa mchuzi wa soya, sukari, sake na mirin. Hata mchuzi wa soya wa chupa mara nyingi umetiwa alkoholi kidogo ili usiharibike. Kila mmoja aamue mpaka wake.

Wakijibu kuwa hawawezi, msishindane nao. Badilisheni kuwa 素泊まり, mle samaki wa kuchoma kwa chumvi (shioyaki) mjini.

Hatua ya 4: Nunueni tiketi za treni

Treni yenu ni ya haraka, iitwayo Odoriko. Viti vyote ni vya kuwekwa, na mauzo hufunguliwa mwezi mmoja kabla, saa 4 asubuhi (10:00), kwenye tovuti ya Ekinet au mashine za kituoni. Mnahitaji vitu viwili: nauli ya msingi, ambayo Suica inaweza kulipa getini, na tiketi ya treni ya haraka yenye namba ya kiti. Chagueni viti vya 海側, upande wa bahari, ambao ni kushoto mkitoka Tokyo. Baada ya Odawara, karibu na kituo kidogo cha Nebukawa, reli hukaa juu ya bahari kabisa. Hapo wekeni simu chini mtazame.

Juu ya kila kiti kuna taa. Kijani: kiti kimenunuliwa. Njano: mwenyewe anakaribia kupanda. Nyekundu: hakijauzwa.

Tahadhari: baadhi ya Odoriko hugawanyika Atami. Mabehewa ya mbele na ya nyuma huachana, mengine yakaelekea Shuzenji, katikati ya rasi, yasifike baharini. Tiketi yenye jina la Ito itakuweka behewa sahihi, lakini ukienda kukaa na rafiki behewa jingine, rudi kwako kabla ya Atami.

Wanaobana matumizi wapande treni za kawaida za njia ya Tokaido hadi Atami, kisha wabadilishe kwenda njia ya Ito. Ni kama saa mbili na robo. Angalieni treni mliyopanda inaishia wapi: zinazopita Atami kuelekea Numazu zinaingia eneo la kampuni nyingine ya reli, na Suica iliyogongwa Tokyo haifungui geti la huko.

Hatua ya 5: Andikeni saa kwa tarakimu 24

Hii inawahusu wasemaji wa Kiswahili kuliko watu wengine. Ryokan ikisema "roku-ji", saa sita, inamaanisha 18:00, yaani saa 12 jioni yetu. Ukimtumia mwenzako ujumbe "chakula saa sita", mmoja atakuja na njaa mchana na mwingine jioni. Ratiba yote iwe hivi:

10:00 kuondoka Tokyo
11:45 kufika Ito, kuacha mizigo ryokan
12:15 chakula cha mchana
13:30 ufukweni au Tokaikan (jumba la makumbusho)
15:00 kuingia chumbani
16:00 bwawa la kukodi
18:00 chakula cha jioni

Saa za treni hubadilika, hivyo zisahihisheni kwa tiketi yenu.

Hatua ya 6: Jumamosi mchana

Nendeni ryokan moja kwa moja na kusema: *Nimotsu o azukete mo ii desu ka?* Watapokea mizigo hata kama chumba hakijawa tayari.

Mchana kuleni samaki mjini. Tafuteni himono: samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa. Aliyekula ng'onda atamjua kabla ya kuonja, isipokuwa huyu hukaushwa kidogo tu, akichomwa ngozi inapasuka na nyama bado ina maji. Tofautisheni na mirin-boshi, yenye kung'aa na ufuta juu: hiyo imelowekwa mirin.

Msimu wa joto, Orange Beach iko mwendo wa dakika chache kutoka kituoni. Ogeleeni kati ya bendera za waokoaji tu. Mkondo ukikuvuta kwenda nje, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufuo mpaka ukuachie, kisha rudi. Bendera yenye miraba myekundu na myeupe ikipeperushwa ni onyo la tsunami: tokeni majini na kupanda juu hapohapo, taulo na viatu viacheni.

Nje ya msimu, nendeni Tokaikan kando ya mto Matsukawa. Ni ryokan ya mbao iliyojengwa 1928, sasa ni jumba la makumbusho. Tazameni milango ya vyumba na nguzo zake: mafundi kadhaa walishindana humo, na hakuna chumba kilichofanana na jirani yake.

Hatua ya 7: Kuingia ryokan

Viatu huachwa mlangoni. Sapatu za ndani huvuliwa kabla ya kukanyaga mkeka wa tatami. Chooni kuna sapatu nyingine, na kosa linalojulikana ni kutoka nazo hadi ukumbini. Mapokezi watawauliza saa ya kula na saa ya bwawa la kukodi. Chagueni bwawa papo hapo, maana saa nzuri huisha mapema. Kama halikuwekwa: *Kashikiri buro o yoyaku shitai desu.* Kuna kodi ya chemchemi, kwa kawaida yen 150 kwa mtu, ambayo mara nyingi haimo katika bei ya mtandaoni, na baadhi ya miji ina kodi ya malazi juu yake.

Vaeni yukata ya chumbani, vazi jepesi la kufunga kwa mshipi. Upande wa kushoto uje juu ya wa kulia, kwa wote wawili, mume na mke. Kulia juu ya kushoto ndivyo avikwavyo maiti, na mhudumu akiona atakuja kuwarekebisha kwa upole.

Hatua ya 8: Kuoga

Kanuni ni zilezile katika bwawa la pamoja na la faragha, kwa kuwa maji ni ya wageni wote.

1. Vueni kila kitu, nguo ya kuogelea pia. Mafuta mazito ya mwili na ya nywele yaosheni kwa sabuni, yasielee juu ya maji.
2. Ogeni mkiwa mmekaa kwenye kigoda, kwa bomba lililopo, na kusuuza povu lote, pamoja na la kwenye kigoda.
3. Jimwagieni maji ya bwawa kuanzia miguuni. Mara nyingi ni nyuzijoto 40 hadi 42, na anayeingia ghafla huona kizunguzungu.
4. Ingieni polepole. Taulo dogo liwe kichwani au ukingoni, kamwe si majini.
5. Dakika tano hadi kumi zatosha kwa mara ya kwanza. Tokeni, pumzikeni, mnywe maji, mrudi.

Simu hairuhusiwi katika bwawa la pamoja wala katika chumba cha kuvulia. Mkienda kila mtu upande wake, pataneni saa ya kukutana nje kabla ya kuachana.

Tahadhari kubwa ya asubuhi: ryokan nyingi hubadilisha mabwawa usiku. Lililokuwa la wanaume jioni huwa la wanawake alfajiri. Msifuate mazoea ya jana, someni pazia la mlangoni kila mara: 男 wanaume, 女 wanawake.

Hatua ya 9: Jioni na asubuhi

Fikeni mezani dakika tano kabla. Vyakula huja kimoja kimoja, kwa saa moja na nusu hivi. Mkiwa mnakula, wahudumu huingia chumbani kutandika futoni (magodoro ya kulalia sakafuni), kwa hiyo pesa na vitu vya thamani viwekeni sanduku la chumbani. Asubuhi mlo ni karibu 8:00, kuondoka 10:00. Hiyo 10:00 ni ya kuwa mmeshakabidhi ufunguo.

Hatua ya 10: Jumapili, Jogasaki

Wekeni mizigo kwenye kabati za sarafu kituoni Ito. Pandeni treni ya njia ya Izu Kyuko hadi kituo cha Jogasaki-Kaigan, kwenye pwani ya miamba ya Jogasaki, kama dakika 25. Suica inafanya kazi. Kutoka kituoni ni mwendo wa dakika 25 hadi daraja la kuning'inia la Kadowaki, urefu mita 48, juu ya maji mita 23. Miamba hii ni lava ya mlima Omuro iliyomwagika baharini yapata miaka 4,000 iliyopita. Mkisimama katikati ya daraja tazameni chini: wimbi huingia ufa, hunyamaza kidogo, kisha hutoka jeupe.

Njia ya pwani huendelea kusini kwa kilomita kadhaa, yenye mizizi na mawe makali, kwa hiyo vaeni viatu vya kufunga. Jiwekeeni 13:00 kuwa saa ya kugeuka. Msiongeze mlima Omuro siku hiyohiyo. Wengi hujaribu, wakaishia kukimbiza basi na kununiana.

Mambo yakiharibika

*Mtachelewa chakula cha jioni.* Pigeni simu, hata kwa dakika 30: *Okuremasu. Shichi-ji ni tsukimasu*, tutachelewa, tutafika 19:00. Hiyo ni saa 1 usiku yetu, msiseme ichi-ji. Ukimya ndio unaofunga jiko.

*Mmekosa Odoriko.* Kabla haijaondoka mnaweza kubadilisha kwenye simu. Ikishaondoka, hesabuni tiketi ya kiti imepotea, mpande treni ya kawaida kupitia Atami.

*Kimbunga.* Agosti hadi Oktoba, angalieni utabiri tangu Jumatano. Makampuni ya reli hutangaza mapema kusimamisha treni. Tafuteni neno 運休. Ada ya kughairi ryokan hupanda kadiri siku inavyokaribia, na siku yenyewe inaweza kuwa bei nzima, hivyo ulizeni Alhamisi, msingoje Jumamosi. Treni zikisimamishwa, baadhi ya nyumba husamehe mkiomba.

*Tetemeko mkiwa ufukweni.* Likiwa kali, au dogo lakini refu, msingoje king'ora. Pandeni. Nguzo na kuta za mji zina alama 海抜 na idadi ya mita juu ya bahari. Fuateni namba inayokua.

*Konyeza amekuchoma.* Toka majini, suuza kwa maji ya bahari bila kusugua, mwone mwokoaji. Ukipumua kwa shida, 119. Ajali baharini ni 118, polisi 110.

*Mvua ya kutwa Jumapili.* Acheni Jogasaki, miamba huteleza. Shukeni Atami mkirudi na kupanda basi hadi jumba la sanaa la MOA, juu ya kilima, au mbaki Ito kwenye Marine Town, penye bwawa refu la kulowekea miguu, la bure, linalotazama bahari. Taulo dogo la ryokan lenye jina lake kwa kawaida ni lenu kuondoka nalo, kubwa liacheni.